Date ya Mwalimu Brightson

Shoga yangu Sekela alitoka Madale kwenda Kinondoni kumchapa mwanamke. Akaishia kumkumbatia huku analia.

Kisa? Neno moja la Kiingereza.

Mumewe, Brightson, alikuwa bafuni. Meseji ikaingia kwenye simu yake, Sekela akaisoma:

"Mwalimu, date yako iko tayari. Jumamosi usikose. Najma."

Roho ikamfanya paa!

Na wivu wa Sekela si wa kitoto. Huyu aliwahi kununia sauti ya ramani kwenye simu, eti mbona inamwambia mumewe "pinda kushoto" kwa madaha.

"Brightson! Date na nani?"

Jamaa anafundisha Kiingereza sekondari. Akacheka.

"Mke wangu, hiyo date ni tende! Imetoka Kigiriki, kwenye neno la kidole, maana tende imekaa kama kidole. Date ya tarehe ni neno lingine, la Kilatini, lenye maana ya kutolewa. Zamani barua iliandikwa imetolewa siku fulani. Hiyo ya wapenzi ndiyo imezaliwa hapo, watu kupangiana siku."

"Na wewe umepangiwa ipi?"

"Ya kula, mama!"

Kesho yake akanipitia. "Twende Kinondoni, kwenye duka la tende alilonitajia. Mie sidanganywi na Kigiriki."

Tukafika. Weee! Duka kweli, makatoni ya tende mpaka juu, yameandikwa DATE ubavuni. Najma mwenyewe mama mtu mzima, ushungi wake, mcheshi.

Sekela akanywea.

"Shikamoo, mama. Nimefuata tende za Mwalimu Brightson."

"Marahaba! We ni dada yake? Haya, mwambie wifi yako azile kila siku, zitamsaidia kujifungua. Juzi walikuja wote, anahema maskini, mwalimu kamshika mkono."

Nikamwangalia Sekela. Tangu aolewe anatafuta mtoto, hajapata.

"Bado wanakaa..." akajifanya amesahau.

"Si kulekule Kibamba!"

Ndipo akamwangukia yule mama begani, akalia kwa kwikwi. Najma ananitazama mie, haelewi amesema nini kibaya.

Brightson alikuta nguo zake getini. Sasa hivi yuko Kibamba, analea.

Dada zangu, mtu akikufafanulia neno mpaka lilikozaliwa, msikilize. Halafu muulize linamhusu nani.

Sie wivu wa Sekela tulikuwa tunaufanya kichekesho cha mtaa. Siku hizi hakuna anayecheka.