Kaseti Inapoburuta

Jana nimepita soko la Ngara kushusha saruji, na ujue lori ni langu na duka ni langu, nikasikia simu ya kijana wa bodaboda inapiga ule muziki wa mashine. Rafiki yangu, nikasimama na mfuko wa saruji begani. Mwanaume mzima na nyumba yangu ya vigae, nahesabu midundo.

Labda wewe hujawahi kubreki, ile dansi ya kujizungusha chini kwa mgongo. Darasa la saba sikumaliza, lakini hili nakufundisha mimi. Muziki wa gitaa unakubembeleza tu, hauna pa kusimama. Wa mashine unagonga, du, unaacha shimo, halafu ka! Kwenye lile shimo ndipo unaganda kichwa chini miguu juu. Ukipatia, kila mtu ameona. Ukikosea, wameona pia. Ndiyo maana muziki ule ni wa mashindano.

Kwetu Ntobeye nilijifunzia kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, na redio kaseti ya bibi. Betri zilikuwa zimechoka siku zote. Bibi alizianika juani kando ya maharage, zikapata nguvu kidogo, kaseti ikaanza vizuri, halafu ikaburuta kama mlevi anayepanda mlima. "Cheza kabla hazijafa," alikuwa akisema, huku anageuza ndizi motoni.

Jirani yetu mwenye lori alitafuta utingo. Tukamwomba wawili, mimi na kijana wa Nemba. Akacheka: "Mtabreki hapo sokoni. Mwenye miguu ndiye atakayedandia lori langu." Kwake utani. Kwangu ilikuwa kuondoka, au jembe mpaka uzeeni.

Siku ya shindano bibi alinisindikiza sokoni. Wa Nemba akaja na raba nyeupe. Akamwamkia bibi shikamoo kwa adabu zote, kisha akanigeukia: "Wewe umekuja kucheza au kutetemeka?"

Akaanza yeye. Alizunguka kwa mgongo kama pia, watu mayowe, mimi nikajiona nimekwisha. Katikati, betri za redio ya jirani zikalegea. Ngoma ikaburuta, shimo likarefuka. Yeye alizoea betri mpya. Akaganda, akaingoja ngoma, haikufika, akaanguka ubavu.

Jirani akataka kuzima redio. Nikamwambia, "Mzee, acha hivyo hivyo."

Uvivu ule wa kaseti nilikuwa nao mwilini. Nikaganda juu ya mkono mmoja, nikasubiri, nikasubiri, moyo unakimbia kuliko muziki, nikasema leo haiji. Ka! Ikaja.

"Panda," jirani akasema.

Tuliondoka mchana uleule, na sijabreki tena. Bibi alifariki nikiwa safarini. Uwanja ule wa sokoni sasa ni fremu za maduka, moja ni yangu. Wa Nemba sijui alikoishia. Safari za mwanzo, injini ikigonga kwenye mlima, miguu yangu ilikuwa inajikaza yenyewe juu ya magunia, bila mtu wa kushangilia. Halafu ikaacha. Sikumbuki ilikuwa mlima gani.