Snap ya Bi Maureen

Leo nimepeleka chakula msibani, nikaambiwa, "Sijaagiza."

Chekeni tu. Siku nyingine na mimi ningecheka.

Bi Maureen, jirani yangu hapa Woolwich, alifariki juzi. Mwanawe amekuja kuisafisha fleti yake. Mimi Mzanzibari, nitaachaje kuwapikia wafiwa? Nikapika pilau, nikabisha hodi.

Kaangalia bakuli, kaniangalia mimi. "Sorry, sijaagiza kitu."

Sikuwa na nguvu ya kuanza kueleza mila zetu.

Likanitoka neno la mama yake tu. "Hii ni snap yako."

Kwa msiolijua, kwao kina Bi Maureen, Nottinghamshire, snap ni chakula cha kwenda nacho kazini. Baba yake alikuwa akishuka nacho mgodini. Kila nikimpelekea chochote, hata andazi moja, alikiita hivyo. Na mimi aliniita nesh, yaani mtu asiyeiweza baridi, kwa sababu hata mwezi wa saba, ambao huku ndio joto, natembea na koti.

Yule bwana, mtu mzima na mvi zake, akakaa kwenye ngazi.

"Nilidhani neno hilo tulibaki nalo mimi na mama tu."

Nikamwambia, "Tulikuwa watatu."

Akala pale pale, kwa mkono.

Nyie mngemwambia nini? Mimi nilisimama naye pale mpaka akamaliza.

Nilipogeuka kurudi kwangu ndipo nikaona nimetoka bila koti, muda wote ule, na wala sikuisikia baridi.