Kadi ya Noeli Isiyo na Maandishi

Mwaka ule shule yetu ilifungwa wiki nyingi kabla ya Noeli, kwa sababu madarasa yalikuwa yamejaa watu waliokimbia vita. Katika darasa langu, darasa la nne, familia sita zilikuwa zikilala kati ya ubao na mlango. Nikabaki nyumbani Katindo, hapa Goma, na marundo ya kaye, madaftari ya wanafunzi, bila kujua kama nitawaona tena.

Nyuma ya nyumba, katika jiko la mbao, tulikuwa tumempokea mama mmoja kutoka Kibumba. Umri wetu ulilingana. Kwao alilima viazi na maharage. Alifika kwa miguu na shuka moja, sufuria moja, na fremu ndogo ya mbao iliyotandikwa kipande cha chandarua. Sikumuuliza fremu ile ni ya nini. Mtu anayekimbia hubeba kile ambacho mkono umekishika kwanza.

Asubuhi moja akaja mlangoni.

"Mwalimu, zile kaye za zamani, unazitupaka?"

"Unataka za kuwasha moto?"

"Hapana. Nataka za kuloweka."

Nikampa rundo zima, kwa hamu tu ya kuona. Kesho yake nilikuta kinu changu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kimegeuka buluu kwa wino. Nilikasirika, nikamwambia sasa tutakula sombe yenye rangi ya kalamu ya biki. Aliomba msamaha, akakiosha mara tatu, lakini hakuacha kazi yake. Mimi niliyekuja kugomba nikavuta kigoda, nikakaa mpaka jua la saa sita.

Karatasi zilizotwangwa zilikuwa kama uji. Aliumimina katika beseni la maji, akazamisha fremu, akaiinua polepole, na juu ya chandarua kukabaki tabaka jembamba la kijivu. Alisema masista walimfundisha akiwa msichana, yeye na wenzake, kutengeneza kadi za Noeli na za Mwaka Mpya. Masista walitaka karatasi laini, kwa hiyo waliipiga pasi. Yeye hakupiga pasi. Alikwenda kwenye ukuta wetu wa mawe ya volkano, akaigeuza fremu, akalilaza tabaka lile juu ya jiwe, akalikandamiza kwa kitambaa. Jua lilipolikausha akalibandua, na kila kitundu na kila mkwaruzo wa jiwe ulikuwa umebaki kwenye karatasi.

Karatasi nyingine aliikandamiza juu ya gunia, nyingine juu ya kikapu, nyingine juu ya maganda makavu ya mahindi. Zikishakauka alibandika juu yake vipande vya maganda ya mgomba, akaunda Bikira Maria na mtoto, au nyota, au nyumba yenye moshi. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Watu wa parokia walizipenda. Jirani yetu Mwislamu aliagiza za Idi, na yeye alimtengenezea za mwezi na nyota juu ya karatasi yenye alama za kikapu. Mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nikawa mwandishi. Lakini kalamu ilikuwa ikikwama kwenye vile vitundu.

"Kwa nini usifanye laini kama masista?" nikamuuliza.

"Za batu bengine naweza kufanya laini," akajibu. "Yangu, hapana."

Yake ilikuwa moja tu, aliyoiweka pembeni. Ilitoka kwenye jiwe, haikuwa na Maria wala nyota. Nikachukua kalamu, nikamuuliza niandike nini.

"Usiandike kitu. Mwenye kuipata hasomake."

Nilijaribu kukisia. Labda ni ya mtoto mchanga. Labda ni ya marehemu, na ataiweka juu ya kaburi. Nilimtazama siku mbili nzima nikitafuta jibu usoni mwake. Aibu ikanizuia kuuliza tena.

Mume wangu alikuwa dereva wa Fuso ya kubeba viazi. Barabara ya Rutshuru ilipofunguliwa kwa siku chache, yule mama alimletea kadi ile, imefungwa katika plastiki.

"Papa, ukifika Kalengera, uliza nyumba ya muzee mama mwenye kusuka vikapo. Umupatie mu mukono. Usiweke ku meza."

"Nimwambie imetoka kwa nani?"

"Usimwambie. Umupatie tu."

Mume wangu alirudi siku ya tatu, vumbi hadi kwenye kope. Kabla ya kunawa alituita wote wawili.

"Yule muzee haonake," alisema. "Macho yake yote mbili ilishakufa. Nilimupatia karatasi, akaipapasa na vidole, polepole, pande zote. Kisha akasema, 'Hii ni jiwe ya Goma. Mutoto wangu alifika.' Na mimi sikukuwa nimesema kitu."

Yule mama akakaa chini palepale, kwenye kizingiti, akaficha uso kwa kitenge. Alipotulia ndipo akatueleza. Siku walipokimbia Kibumba, habari ilifika Kalengera kwamba waliokuwa barabarani wote wamekufa. Baadaye wapita njia walimpelekea mama yake maneno ya kila aina, kwamba binti yake yuko Uganda, kwamba yuko kambini, kwamba amezikwa. Yule mzee akaacha kuamini kinywa cha mtu.

"Maneno, kila mutu anaweza kubeba," alisema. "Lakini vidole vyake navijua. Tangu nikiwa musichana alipapasaka karatasi zangu, na jiwe ya Goma aliishika siku nilimuleta hapa, macho imeshakufa."

Tangu siku ile nilianza kujifunza kwa vidole. Nilifumba macho, nikipapasa karatasi zilizokauka ukutani, na yeye akinisahihisha kama mimi nilivyosahihisha watoto. Gunia na kikapu nilivichanganya kwa wiki nzima. Nikatengeneza kadi yangu mwenyewe, juu ya jiwe, nikaituma Kalengera pamoja na yake ya pili kupitia dereva mwingine.

Kabla ya Pasaka barabara ilitulia, tukapanda Fuso sote watatu. Yule mzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba, miguu imenyooshwa, akisuka. Binti yake hakusema neno. Alipiga magoti, akampa mikono yake. Mzee aliishika, akaigeuza, akavuta pumzi ndefu, akaanza kumlaumu kwa kukonda.

Baadaye alileta kadi zote tatu. Akatenga moja.

"Hii si ya mutoto wangu. Hii ni ya mutu wa haraka. Alibandua haijakauka bado."

Binti yake alicheka hadi machozi. Nilikiri kuwa ni yangu. Mzee akaniita karibu, akanishika kiganja, akaniuliza mimi ni nani, nafundisha nini, na lile jiwe la Goma lina rangi gani, kwa sababu hakuwahi kufika huko alipokuwa anaona.

Nilifungua kinywa niseme ni jeusi, kisha nikasita. Nimezaliwa juu ya jiwe lile, na sikuwa nimewahi kuliangalia vizuri. Nikamwambia ninavyokumbuka: jeusi, lakini mahali pengine lina wekundu wa kutu, na likiloa mvua kuna sehemu zinazoelekea zambarau. Alitaka kujua kama ule wekundu uko ndani au juu tu. Nikamwambia sijui.

"Ukirudi, uvunje moja uangalie," alisema.

Yule mama alibaki Kalengera na mama yake. Aliniachia fremu, akasema pale Kalengera mbao hazikosekani. Kesho yake asubuhi nilipanda Fuso na mume wangu, tukiwa na magunia ya maharage nyuma. Shule ilifunguliwa baada ya Pasaka. Madawati mengi yalikuwa yamechomwa kuni, watoto wakakaa chini, na siku ya kwanza niliwapa beseni la maji, ile fremu na kaye kuukuu, nikawaacha waniulize maswali.