Kabura na Mwendo wa Wenzake

Mimi ni mtu wa kamera. Ofisi yangu iko Nyeri mjini, juu ya duka la mbegu, na kila Jumamosi utanipata kwenye boma la mtu nikipiga video ya ruracio, siku ile kina mume wanapoleta mahari kwa kina mke. Nimeona maigizo ya kila aina. Wajomba wanaojifanya wamekasirika huku wanachungulia sufuria ya nyama. Mashangazi wanaolia nikiwasha kamera, kisha wananiuliza kama walie tena upande ule mwingine. Nikisikia mtu akisema huku kwetu hakuna sanaa, damu hunichemka. Huyo hajamwona Kabura.

Kabura ni mama wa miaka hamsini na nne, mkulima wa viazi kule Endarasha, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Katika ruracio kuna mchezo: wanawake watano wanafunikwa gubigubi kwa leso, kutoka utosini hadi vifundoni, bibi arusi akiwa mmoja wao, na bwana arusi anatakiwa kumtambua wake. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa mpaka azeeke. Basi Kabura akifunikwa huwa bibi arusi. Sitanii. Humtazama msichana wiki nzima, anavyobeba maji, anavyopanda ngazi za kanisa, kisha anauvaa ule mwendo kama gauni. Nimewapiga video mabwana arusi kumi na mmoja wakimshika mkono kwa furaha, wakafunua leso na kukutana na mama mzima akiwakonyeza. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, alikaa chini kwenye nyasi.

Umaarufu umemwingia kichwani, nisifiche. Tangu video moja isambae mitandaoni, huniuliza kama nimemchukua upande wake mzuri, mtu aliyefunikwa leso tatu! Na hataki kuitwa mchekeshaji. "Hii ni sanaa," aliniambia siku moja, akiwa na gambuti za matope na jembe begani.

Aprili ikafika zamu ya Shiku. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yake, na Kabura amemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Mchumba wake, Theuri, ni daktari wa mifugo, kijana mpole ambaye akikusalimu unalazimika kumsogelea ndiyo umsikie. Nilikuwa jikoni kwa Kabura, tukipanga kazi ya Jumamosi, Shiku alipoingia.

"Tata," alisema, kama wanavyowaita mama wadogo na mashangazi huku, "hiyo siku, si utembee tu yako?"

"Yangu aje?"

"Usinifanye mimi. Theuri atakuja kwako, najua. Na mimi sijali faini, Tata. Nataka tu anijue. Akinikosa mbele ya watu wote, nitakuwa nikijiuliza hiyo swali mpaka nizeeke."

Kabura hakucheka. Alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Sawa," alisema. "Nitatembea yangu."

Shiku alipotoka, Kabura alisimama, akatembea kutoka mekoni hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena. "Gicheru," akaniuliza, "kwani mimi hutembea aje?"

Nilimwambia hutembea kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Hakufurahi, lakini nilikuwa nasema kweli.

Jumamosi boma lilijaa. Watu walikuja kutoka Kiganjo na simu zimewashwa tayari, na si bibi arusi waliyemfuata. Nilipouona umati ule, nikaihofia ahadi ya Kabura. Nawajua wasanii.

Wanawake watano walitoka wamefunikwa. Kabura alikuwa wa pili. Nilijua kwa sababu niliwapiga video wakijipanga. Hatua mbili za kwanza zilikuwa zake kabisa, za kufukuza mbuzi. Watu wakanung'unika. "Leo mama amechoka," mzee mmoja akasema kwa sauti.

Leso ile ilisita. Kisha bega la kulia likashuka, mguu wa kushoto ukageuka ndani kidogo, na mkono ukakamata kitambaa shingoni vile Shiku hushika kola ya sweta. Umati ukalipuka. Nilimkasirikia Kabura kwelikweli. Na nikavuta picha karibu, nikiri tu, maana ilikuwa nzuri mno.

Theuri alipita mbele ya mstari ule polepole. Akasimama kwa Kabura. Akakaa hapo. Mtu wa nne, niliona, pindo la leso yake lilikuwa linatetemeka. Theuri akageuza kichwa, akalitazama pindo lile, akaenda moja kwa moja na kumfunua kabla ya kuruhusiwa. Alikuwa Shiku, macho yamejaa machozi.

Mshereheshaji alimsogezea kipaza sauti: amejuaje?

"Yule mwingine alikuwa anatembea kama Shiku wa kila siku," Theuri alisema. "Lakini Shiku akiogopa, magoti humwisha nguvu, anakuwa kama ndama aliyezaliwa jana. Leo nilijua ataogopa."

Katika shangwe ile hakuna aliyekumbuka kumfunua Kabura. Alijifunua mwenyewe, akazunguka nyuma ya jikoni. Nilimfuata na maneno makali, lakini nilipomwona ameketi juu ya ndoo, yote yaliniisha.

"Nilijaribu," alisema. "Halafu nikasikia huyo mzee. Nionyeshe video."

Nilidhani anajitafuta mwenyewe. Alinirudisha mara tatu kwa yule wa nne, kwa pindo lile. "Hiyo sikuwahi kuona," alisema taratibu. "Nimeosha hizo magoti tangu akiwa mtoto, na sikuwahi kuona."

Akafuta macho, akaenda kwa Shiku na kumwomba msamaha palepale mbele ya mashangazi. Kisha akajisogeza kwenye benchi la Theuri.

"Wewe kijana uko na macho," alimwambia. "Akikasirika, hutembea aje?"

Theuri alitikisa kichwa. "Sijawahi kumwona amekasirika."

"Ngai! Na unataka kuoa?" Kabura aliinuka. "Angalia vizuri, nitafanya mara moja tu."

Akavuka uwanja bila leso hata moja, kidevu juu, mikono imekazwa ubavuni, visigino vikipiga chini. Wakwe walikuwa wanaangua kicheko. Shiku aligeuka, akaona anaigizwa mbele ya ukoo mzima wa mume, akapaza sauti, "Tata!" na kuja kumzuia, kidevu juu, mikono imekazwa ubavuni, visigino vikipiga chini.

Theuri alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaniomba nihakikishe hiyo nimeirekodi.