Msitu Nilioupanda Juu ya Chemchemi

Naikumbuka siku Kogo Taplelei aliponishika mkono mbele ya wageni, na kila nikiikumbuka damu hunichemka. Simkasirikii yeye. Najikasirikia mimi, na leo, mwanangu, nakukasirikia wewe pia. Vumilia maneno yangu, hayana sukari.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimetoka kusomea misitu, nimepewa kazi ya kusimamia miti ya chuo kikuu kimoja huku kwetu Bomet, pale mashamba ya chai yanapokutana na boma za watu. Sitakitaja. Nilivaa buti mpya na nilijiona kama mimi ndiye niliyeumba majani. Mkuu wangu alitaka chuo kionekane kijani upesi, kwa sababu kulikuwa na mashindano ya vyuo vinavyotunza mazingira. Chini ya mabweni palikuwa na kinamasi chenye matete na mikuyu mizee mitatu. Machoni pangu kilikuwa uchafu tu. Nikaamuru matete yafyekwe, mikuyu ikatwe, tupande bulugamu, hii mikaratusi inayokua mbio kama imetumwa.

Kogo Taplelei, kogo kwetu ni nyanya, alikuwa mjane aliyeishi mteremkoni chini ya chuo, na kinamasi kile ndicho kilicholisha chemchemi yao. Alipoona mapanga alipanda kilima, akasimama mbele yangu, shuka begani.

"Weri," akaniambia, yaani kijana, "hiyo miti inakunywa maji kushinda ng'ombe yangu yote. Panda kule juu kwa mawe. Hapa wacha."

Nikacheka. Naona haya kulisema, lakini nilicheka. "Kogo, mimi nimesomea miti. Wewe enda ukakamue."

Akarudi alikotoka.

Miche ilishika. Kufikia mwaka wa nne bulugamu zilikuwa zimepita paa la bweni, na chemchemi ilikuwa imegeuka tope, kisha vumbi. Wanawake wa mteremkoni wakaanza kwenda hadi mtoni, mitungi mgongoni. Siku mvua ya kwanza ilipolowesha njia, Chebet, mke wa mwana wa Kogo, aliteleza kwenye ule udongo mwekundu akavunjika paja. Alilazwa hospitali ya Longisa wiki nyingi. Mpaka leo hutembea kwa fimbo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Habari zilinifikia. Nikanyamaza, kwa sababu tulikuwa tunangoja kikombe cha mashindano yale.

Siku ya kikombe wageni walikuja na suti, tukawapa chai na hotuba. Kogo akaingia bila mwaliko, akapita katikati ya viti, akanishika kiganja. "Twende." Wageni walidhani ni sehemu ya ratiba, wakatufuata mpaka kwenye chemchemi.

"Ingiza mkono," akasema.

Nikaingiza. Udongo mkavu ulinifika kwenye kiwiko.

"Chebet alikuwa anateka hapa. Wewe uliniambia umesoma. Ulisoma nini?"

Mkuu wangu akawaambia wageni kwamba mama huyu amezeeka, akili inapotea. Wakacheka kidogo, wakarudi kula. Kikombe tulipewa, mwanangu. Watu walinipigia makofi na udongo ule ungali kwenye kucha zangu.

Jumatatu niliomba ruhusa ya kuikata miti ya kinamasini. Mkuu akasema, "Hiyo miti imeandikwa kwa ripoti. Ukiikata, umekata kazi yako." Jumatano nikaja na vibarua watatu na msumeno wa injini, tukaiangusha yote. Jioni hiyo hiyo nikafutwa. Nikarudi kuchuma chai shambani kwa baba.

Lakini bulugamu hukatwa leo ikachipua kesho. Kila Jumamosi nilienda na wanawake wa mteremkoni kung'oa machipukizi na kupanda matete na mikuyu upya. Chuo hakikutuzuia, nadhani kiliona aibu kumfukuza Chebet, aliyekuja na fimbo yake kutuelekeza. Mwaka wa tatu maji yakarudi, membamba kama uzi. Kogo hakunisifu. Alinimiminia mursik kutoka kwa kibuyu, nikaonja yale maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa, akasema, "Kunywa haraka. Bado kuna visiki."

Sasa wewe, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya wanafunzi, umeniletea barua nije kuzindua upandaji wa miti. Mnataka chuo kitangazwe kuwa hakiongezi kaboni hewani. Bulugamu elfu moja, siku moja, na mpiga picha! Na mnapanda wapi? Bondeni, penye unyevu, ili miche isiwape taabu.

Nimepita chuoni kwenu kabla ya kukujibu. Jikoni lori lilikuwa linamwaga kuni za miti ya asili, magogo manene kuliko kifua changu. Ukumbini taa zote zinawaka saa sita mchana, hamna mtu. Nyuma ya mabweni maji machafu yanateremka kwa watu. Na miche ya mwaka jana? Imekauka, vibao vya majina ya wakubwa ndivyo vimebaki vimesimama. Nyumba njema si mlango! Mnamdanganya nani? Hewa haisomi ripoti.

Sikiliza basi. Kabla ya kuhesabu mnachopanda, hesabuni mnachochoma. Jikoni mjenge meko yanayokula kuni kidogo, na taa azime anayetoka. Bondeni msiguse kitu mpaka mmeteremka kwa miguu kuwauliza wanaoishi huko chini, na wakisema hapana, iwe hapana, hata kama mna shahada kumi. Mti uutunze mpaka ukuzidi kimo, ndipo uupige picha. Na ukiona mmekosea, sema mapema, hata kama kazi itakwenda. Kazi nilipata nyingine. Mguu wa Chebet sikuweza kuurudisha.

Nimekuchapa kwa maneno kwa kuwa wewe bado unasikia. Mungu akupe masikio kabla ya kukupa cheo. Kila unachopanda kiote mahali pake, na walio chini yako wasikose maji ya kunawa uso. Enda salama, mwanangu, na uanzie jikoni.