Mistari ya Vidole Vitatu

Nilipopunguzwa kazi sikulia. Walilia wenzangu wenye watoto. Mimi nilifunika mashine yangu ya kuchapa kwa kitambaa chake, nikabeba kikombe changu cha chai, nikaondoka. Kulia kungenisaidia nini? Shida ilianza Jumatatu yake. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Iringo, katikati ya Musoma, na kumbe chumba chenyewe nilikuwa nakijua usiku tu. Mchana kilikuwa kimya mpaka nasikia jirani akimenya viazi. Sikuwa na mume wala mtoto, baba alishafariki, na kwetu Butiama walibaki ndugu ambao hata sijatua mfuko wananiuliza naondoka lini. Basi nikawa natembea. Asubuhi naoga, navaa nguo zangu za ofisini, natoka haraka haraka kama kuna bosi ananisubiri. Ujinga mtupu, najua.

Mji ulikuwa umechangamka siku hizo, wee! Sabuni tuliyokuwa tunaipangia foleni kutwa nzima, sasa vijana wanakufuata nayo barabarani wanakubembeleza ununue. Kila mwenye mlango alifungua duka, na kila mwenye duka alitaka bango. Mabango mengi aliyachora mzee mmoja Mwislamu, mwenye kofia iliyojaa madoa ya rangi, ambaye alikuwa amepanga jengo lililokuwaga duka la ushirika. Lile jengo nalijua vizuri. Utotoni baba alikuwaga ananileta hapo, tunakaa nje tangu alfajiri, mlango ukifunguliwa unakuta rafu tupu na muuzaji kanuna utafikiri sisi ndio tuliokula hiyo sukari. Siku hiyo nikapita, nikaona kwenye rafu zilezile pamepangwa picha za kuchora, na mlangoni ameandika: KARIBU UONE, KUONA NI BURE. Kitu cha bure ndicho kilichokuwa kinanifaa. Nikaingia.

Mzee alikuwa kapiga magoti anapaka rangi bango la kinyozi. Nikamwamkia, akaitika bila kuinua kichwa, akaniambia nizunguke tu.

Picha za mwanzo sikuzijali. Simba, twiga, mlima ambao huku kwetu hatuna. Nikajisemea, hizi ni za kuuzia wazungu. Halafu nikafika kwenye picha ya foleni ya mawe. Vijana hawajui jambo hili: tulikuwa tukichoka kusimama tunaacha jiwe, au kikapu kilichochakaa, kinatushikia nafasi. Mzee alikuwa ameichora hiyohiyo, mawe na vikapu vimejipanga hadi mlangoni, hakuna mtu hata mmoja. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, maana niliona nami nimekuwa hivyohivyo, kitu kilichoachwa mahali kishike nafasi na mwenyewe hajarudi.

Ya pembeni yake ndiyo iliyonimaliza.

Ilichorwa kwenye kitambaa cha mfuko wa unga, herufi za bluu bado zinaonekana kwa mbali chini ya rangi. Ilikuwa nyumba ya udongo, na mwanamke amekupa mgongo anakandika ukuta, mkono juu. Kwetu ukuta ukishapakwa ule udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, kabla haujakauka, mama wa nyumba anaburuza vidole vyake juu yake kutengeneza mapambo. Kila ukuta una mistari minne minne, kwa sababu kila mwanamke ana vidole vinne pembeni ya dole gumba. Huu ulikuwa na mistari mitatu mitatu. Mama yangu alikatwa na mundu akivuna majani ya kuezekea, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikaenda. Butiama nzima, nyumba yenye mistari mitatu ilikuwa yetu tu.

Nikakaa chini kwenye sakafu na gauni langu la ofisini.

Mama alifariki nikiwa mdogo, na sura yake sinayo. Nakumbuka kikohozi chake, nakumbuka shuka. Uso hapana. Picha alipiga mara moja tu, alivaa kitenge chake kizuri, mpiga picha akaja na baiskeli kutoka Musoma. Ila dawa ya kusafishia picha ilikuwa imeadimika nchi nzima, kila akiulizwa anasema wiki ijayo. Tukamzika mama wiki ijayo haijafika. Baba alipomfuata mpiga picha mjini akaambiwa amehamia Mwanza na mikanda yake yote. Mpaka leo nikimfikiria yule bwana natamani kumzaba kofi.

"Mwanangu, unaumwa?" Fundi alikuwa amesimama juu yangu, brashi mkononi.

Nikamwonyesha picha. "Huyu mama ulimchora wapi?"

"Ah, Butiama. Zamani hiyo. Nilikuwa natoka Bunda kuandika ukuta wa shule, lori likaharibika, spea hakuna. Nikakaa ng'ambo ya barabara nachora."

"Sura yake ilikuwaje?" Sauti yangu ilitoka kwa nguvu, kama namgombeza. "Fundi, tafadhali. Uso ulikuwaje?"

Akafikiri kweli, Mungu ambariki. Alifumba hata macho. Kisha akatikisa kichwa. "Hakugeuka. Alikuwa na kazi yake. Mimi nilimwona mgongo tu." Akainama, akaweka ncha ya brashi karibu na pembe ya picha. "Aliyemwona ni huyu mtoto."

Sikuwa nimemtazama mtoto. Alikuwepo pembeni, kashika beseni la udongo lililomzidi ukubwa, kainua uso kumtazama mama, mdomo wazi, anacheka mpaka meno yote nje. Lile gauni la njano la mfuko mmoja nililijua. Nililivaa mpaka likapasuka.

"Huyo ni mimi," nikasema.

Mzee akanitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Uso wake ukafurahi kabisa, akapiga paja.

"Subhanallah! Sasa si wewe ndiye uliyemwona? Mbona unaniuliza mimi?"

Akabaki anatabasamu, anangoja nimsimulie.