Semina ya maadili, na lebo za jana

Leo bosi katupa semina ya maadili. Huyu huyu bosi!

Tuko kiwandani Saltley, huku ughaibuni, tunatengeneza sandwichi. Mwenzangu wa meza moja, Emine, mama wa Kituruki, Kiingereza kinampiga chenga. Bosi akanigeukia: "Nyinyi wote Waislamu. Mfafanulie ethics ni nini."

Mimi Mzanzibari, Kituruki nikijulie wapi?

Nikabahatisha tu: "Akhlaki."

Emine uso ukamkunjuka. "Ahlak!" Kumbe Waturuki nao wanalo neno hilo.

Akainuka, akaenda kabatini, akarudi na bunda la lebo. Masalio ya zile zenye tarehe mpya, zilizobandikwa jana juu ya tarehe zilizokwisha. Akalitupa mbele ya bosi.

"Ahlak yok," akasema, akitikisa kichwa. "Yok!"

Chumba kizima tukaelewa kwamba hakuna maadili hapo.

Bosi uso ukamwiva. "Anasema nini huyu?"

Nikamjibu kavu: "Sijui Kituruki."

Ngojeni, msinipigie makofi.

Jana Emine alikataa kuzigusa lebo zile. Niliyezibandika ni mimi, na sandwichi zimeshaenda madukani.

Na aliposema "ahlak yok", hakumtazama bosi. Alinitazama mimi.

Haya, nitukaneni.